Ukitaka Kuijua Jakobea, Ligeuze Ua

Karibuni. Walioko nyuma wasogee, maana nitakavyovionyesha leo ni vitu vidogo sana.

Jakobea na jamaa zake Senecio ni mimea ya porini ya Ulaya, ya ukoo wa alizeti. Kwa hiyo kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua mengi madogo: ya katikati yamesongamana, na ya pembeni yana ndimi za njano. Ndimi hizo humpumbaza mtu. Jakobea ya kawaida, Jacobaea vulgaris, mara nyingi huwa na ndimi 13. Basi mtu anahesabu 13, anaandika jina, anaondoka. Kumbe jakobea ya majimaji, Jacobaea aquatica, na ile ya kijivu, Jacobaea erucifolia, nazo zinacheza kwenye idadi hiyohiyo.

Mimi naamini matunda. Ua likishakomaa, chukua tunda moja la pembeni, dogo na kavu kama mbegu, chini ya ulimi, na jingine la katikati. Yatazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Kwenye jakobea ya kawaida, la pembeni ni laini, halina vinyweleo, ila la katikati lina vinyweleo vifupi. Kwenye ile ya kijivu, yote yana vinyweleo. Kwenye ile ya majimaji, yote ni laini au karibu yote. Mmea uwe mrefu au umekatwa na mashine ukachipua upya, tunda halijali.

Kama matunda bado, shika jani la chini. La jakobea ya majimaji huishia na kipande kimoja kikubwa cha mviringo. La ile ya kijivu limechanwa vipande vyembamba vyenye ncha, na upande wa chini limevaa manyoya ya kijivu. Msihangaike sana na viwavi wenye mistari ya njano na nyeusi. Wanakula jakobea, ndiyo, lakini hula na jamaa zake. Kiwavi hajasoma vitabu vyetu.

Tena, jakobea ya kawaida na ya majimaji huzaliana. Pale malisho makavu yanapokutana na bonde lenye maji utapata machotara wasiotaka kukaa upande wowote. Andika "chotara", usilazimishe jina. Mfugaji naye hana haja ya kubishana nasi: zote hizi zina sumu ziitwazo alkaloidi, zinazoharibu ini la farasi na ng'ombe. Mmea mbichi ni mchungu na mnyama huukwepa. Ukikauka ndani ya nyasi za kulishia, uchungu hupungua lakini sumu inabaki.

Sasa twende kwa Senecio squalidus, yaani jakobea ya Oxford, huyu ndiye nimpendaye. Ligeuze ua, utaona vijani vidogo vinavyolishika kwa chini vina ncha nyeusi waziwazi, hata vile vifupi vya nje. Asili yake ni machotara wa spishi mbili za Etna, mlima wa volkano kisiwani Sicily, Italia. Ulipandwa katika bustani ya mimea ya Oxford, Uingereza, na kabla karne ya 18 haijaisha ulikuwa umeota kwenye kuta za mji. Reli ilipofika karne ya 19, kokoto zake zilifanana na miamba ya volkano uliyoizoea mmea huu, na upepo wa treni ukazisukuma mbegu mbele. Ukasambaa Uingereza.

Njiani ukakutana na Senecio vulgaris, gugu dogo la mashambani ambalo kwa kawaida halina ndimi kabisa. Squalidus ana kromosomu 20 (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), vulgaris ana 40. Huko Wales wakapata mtoto mwenye 60, Senecio cambrensis, aliyegunduliwa mwaka 1948: spishi mpya kabisa, iliyozaliwa baada ya kuja kwa reli.

Hapa ndipo lenzi inaposhindwa. Baadhi ya Senecio vulgaris zimerithi jeni za ndimi kutoka kwa squalidus, zikatoa ndimi fupi, na kwa macho zinaweza kudhaniwa cambrensis. Ukilikuta la namna hiyo, hesabu kromosomu: 40 ni vulgaris, 60 ni cambrensis. Hiyo ni kazi ya maabara. Kwa leo tuna sampuli tatu za jakobea hapa mezani, zote zina matunda. Chukueni lenzi, tuanze na la pembeni.