Vuli Yetu na Vuli Yao: Mavazi ya Msanii Asiye na Wasaa

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Naona wengine pindo zimerowa mpaka kwenye vifundo vya miguu, basi somo limeshaanza lenyewe, miye namalizia tu.

Nimeombwa niseme juu ya mavazi ya vuli kwa watu wa kazi yetu, waimbaji, wapigaji na wachezaji ngoma. Nikauliza, vuli ipi? Vuli yetu ni hii ya Oktoba hadi Disemba: mvua inashuka, inakata, jua linarudi kuchoma kama halikuondoka. Vuli ya Ulaya, ambako vikundi vyetu hualikwa, ni kitu chengine kabisa. Kule majani yanapukutika na baridi inaingia kidogo kidogo. Nikaambiwa sema zote mbili. Haya.

Tuanze na siku yenyewe ilivyo. Mwimbaji wa leo asubuhi anasomesha skuli au yuko dukani. Alasiri amepanda daladala ya Nungwi, kaskazini ya Unguja, karibu kilomita 60. Usiku anawaimbia watalii ufukweni, na kesho yake ana harusi mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Sanduku hana wa kumbebea. Lakini tazameni tunavyovaa! Satini ya hoteli, lesi ya harusi, jengine la mazoezi, na kila moja likifika limekunjika kama karatasi ya karanga. Halafu tunaomba pasi jikoni kwa watu.

Rai yangu ni hii: gauni liwe moja na linyamaze, kitu cha juu ndicho kiseme.

Hebu nifungue mfuko wangu. Hili ni gauni la krepu, rangi ya zambarau iliyokoza, halina nakshi hata moja. Naomba mtu wa mbele, wewe mwanangu, likamate kipande ndani ya ngumi, libane, hesabu mpaka ishirini. Fungua. Mnaona? Mkunjo umekuja na umeondoka. Fanyeni hivyo hivyo madukani Darajani kabla hamjatoa pesa. Mwenye duka atakutazameni vibaya, mwacheni atazame. Kitani ukikifanyia hivyo kinabaki na alama mpaka ukipige pasi. Ni kitambaa kizuri, lakini cha mtu mwenye nafasi, si chetu.

Juu ya gauni hili, hotelini natia kanga moja begani. Harusini natia mtandio wenye zari na vipuli vya dhahabu. Kwenye mazoezi sitii kitu. Watu hao hao wakiniona mara tatu wanadhani nina kabati zima.

Na kanga, jamani, lisomeni jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, kabla hamjaivaa mbele ya mtu. Miye niliwahi kupanda jukwaani nimejitanda "Japo sipati tamaa sikati", na aliyetualika yuko safu ya mbele, na malipo yetu ya mwezi uliopita bado yako kwake. Wallahi sikukusudia. Lakini alilipa.

Sasa mikono ya nguo. Hapa ndipo mafundi cherehani wanapotuumiza, kwa sababu wanatupima tumesimama, mikono imeshuka. Mpigaji kanuni, ala ile ya nyuzi nyingi, hapigi mikono imeshuka. Anakaa, kanuni iko mapajani, na vidole vinatembea juu ya nyuzi zaidi ya 70. Mkono mpana wenye lesi unazagaa juu ya nyuzi, unaziba sauti. Mpiga udi naye, kifungo cha mkono kinagonga ubao, tak, tak, na kipaza sauti hakisamehe. Mpiga fidla akiinua upinde, kwapa linavuta na gauni zima linapanda. Dawa yake: nendeni kwa fundi na chombo chenu. Kaeni namna mnavyokaa jukwaani, mpimwe hivyo hivyo. Mwambieni aweke kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi chini ya kwapa, ili mkono uinuke bila ya kuvuta gauni, na mkono wa nguo uishie inchi mbili juu ya kifundo cha mkono.

Waimbaji nanyi, bangili ziende mkono usioshika kipaza sauti. Na mfuko! Nani kati yenu ana mfuko kwenye gauni? Watatu. Na tunzo mnaziweka wapi? Mtu anakuja anacheza, ameinua noti yake, anakupa, wewe mkono mmoja una kipaza sauti na mwengine umefumba pesa mpaka beti zinakwisha. Mwambieni fundi atie mfuko kwenye mshono wa ubavuni, wenye kina cha kiganja kizima. Hauonekani.

Kwa mvua yetu sina maneno mengi. Pindo liishie juu ya kifundo, viatu vya jukwaani vikae mfukoni, njiani muvae ndara za mpira. Kanzu nyeupe msivae ndani ya daladala; ikunjeni kwa ndani nje, muivalie huko huko.

Haya, vuli yao.

Kwetu kipupwe kikizidi, usiku unateremka nyuzi 21 au 22, na tunajifunika mablanketi. London mwezi wa Oktoba mchana ni kama nyuzi 15, usiku 8 au 9. Lakini baridi peke yake si adui wa msanii. Adui ni kule kupanda na kushuka. Barabarani baridi, chumba cha nyuma ya jukwaa baridi, jukwaani taa zinakuunguza, kisha mnatoka nje mna jasho.

Safari yangu ya mwanzo sikulijua hilo. Nilivaa satini juu ya fulana nzito ya pamba, nikaimba, nikarowa jasho, nikatoka kupiga picha na watu mlangoni. Robo saa tu. Asubuhi sauti haipo, na usiku tuna onesho. Wenzangu waliimba sehemu yangu, miye nimekaa na kikombe cha tangawizi. Pamba ikirowa haikupi joto tena, inakaa mwilini kama kitambaa cha kupangusia meza. Sufu nyembamba hata ikipata unyevu inaendelea kushika joto. Basi cha ndani kiwe sufu nyembamba, katikati gauni lile lile la krepu, juu koti. Hewa iliyonaswa baina ya nguo ndiyo inayokupasheni moto, kwa hiyo tatu nyembamba zinashinda moja nene. Na mkipanda jukwaani mnavua ya juu.

Koti msilinunue kule. Chambueni marobota ya mitumba, hapa makoti ya sufu hayana mwenyewe, nani ayavae na jua hili? Kagueni bitana na kwapa, mkalianike juani siku mbili. Chagueni jeusi au la kahawia, refu kupita magoti, kisha fungeni kanga shingoni badala ya skafu. Ikunjeni pembe kwa pembe, izungukeni mara mbili, ncha ziingie ndani ya koti, na ule mji wa kanga, sehemu yake ya kati, uachwe uonekane kifuani. Hapo hakuna atakayeuliza mmetoka wapi. Na koo limekingwa, ambalo ndilo mtaji.

Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda kupokea tuzo ya WOMEX, maonesho yale ya muziki wa dunia, mwaka 2005, ilikuwa Oktoba, kaskazini mwa Uingereza, na umri wake mnaujua, au tuseme hakuna aliyeujua. Mtu mzima yule alistahamili. Sisi vijana tunalalamika.

Jambo jengine: Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja. Baada ya hapo, saa kumi na moja jioni ya London jua limeshazama. Mazoezi ya alasiri mtatoka nayo kiza. Na siku hiyo mtazame saa zenu vizuri, kuna kikundi kilifika ukumbini saa nzima kabla ya wenye ukumbi.

Wanaume, suti zenu zinatosha. Vaeni soksi za sufu, na kofia iliyoshonwa kwa mkono msiikunje, ijazeni soksi ndani.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza, kama gauni ni moja, likimwagikiwa chai je? Ndiyo maana rangi ni iliyokoza, mwanangu. Na krepu nyepesi ukiifua usiku ukaitundika bafuni, asubuhi imekauka kwetu. Kule, itundike karibu na kipasha joto, si juu yake.

Mfuko nauacha hapa mezani, ruhusa kushika kila kitu. Soksi ni safi.