Vita, simba na maji: kisima cha ubatizo cha Eardisley

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo hatuko London. Tuko Eardisley, kijiji cha Herefordshire, magharibi mwa Uingereza. Ukisogea mbele kidogo na barabara hii unaingia Wales. Kanisa ni la Mtakatifu Maria Magdalena, la Kianglikana, kwa hiyo watazamaji wangu wa Masasi, Muheza na Unguja, hapa si pageni kwenu.

Sitawazungusha kanisa zima. Nimekuja kwa ajili ya jiwe hili hapa: kisima cha ubatizo, yaani chombo cha jiwe cha kubatizia, kilichochongwa miaka ya 1150 hivi. Hakuna kioo, hakuna kamba ya kukuzuia, hakuna askari wa kukufokea. Unasimama nacho uso kwa uso.

Ngoja nisogeze simu. Mnaona? Wanaume wawili wanapigana! Huyu ana upanga, yule ana mkuki, na mkuki umeshamfika mwenzake mguuni. Nguo zao zimejaa mistari mistari, na pande zote wamezongwa na matawi yaliyosokotana. Wenyeji husimulia kwamba ni bwana mmoja wa ukoo wa Baskerville, waliokuwa wakuu wa hapa, akipambana na baba mkwe wake. Inawezekana. Ila mimi siamini kwamba mchongaji alipewa jiwe la kanisa ili aweke ugomvi wa wakwe peke yake.

Nizunguke huku. Huyu ni Yesu, mnamtambua kwa duara la kichwani lenye msalaba ndani yake. Anamvuta mtu. Tazameni anavyomshika, ni mshiko wa kumnyakua hasa, na yule mtu anatoka kwenye yale matawi kama samaki anayechomolewa wavuni. Ni ile habari tunayoikiri kila Jumapili, kwamba alishuka kuzimu. Alikwenda kuwatoa waliofungwa.

Na huyu mkubwa ni simba. Wataalamu hawakubaliani kama ni wa heri au wa shari. Mimi ninamweka upande wa shari, yule angurumaye wa Waraka wa Petro, anayetafuta mtu ammeze.

Ukivisoma vyote pamoja, vita, kuzimu, simba, unaelewa watu wale waliuonaje ubatizo. Kwetu siku hizi ni shughuli ya gauni jeupe, picha na pilau. Kwao mtoto alikuwa anaokolewa kwa nguvu kutoka mikononi mwa adui. Watoto wengi walikufa wachanga, basi walibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana kisima chenyewe kina kina kirefu: mtoto alizamishwa, hakunyunyiziwa.

Maji yenyewe yaliogopwa. Yakishabarikiwa yalikaa kisimani, na watu walikuwa wakiyaiba kwa mambo ya uchawi. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury akaagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli. Kwenye visima vingi vya zamani nchini humu bado utaona ukingo umemeguka pale chuma kilipong'olewa. Kwa hiyo mkisikia Mzungu anashangaa habari za waganga wetu, mwambieni aanze kwao.

Majina ya wachongaji hatunayo. Lakini mkono wao unajulikana, kwa sababu kundi hilohilo la mafundi lilifanya kazi sehemu nyingi za mkoa huu. Kanisa dogo la Kilpeck ni lao, na kisima cha Castle Frome pia ni cha mtindo wao. Miaka ya 1640 Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walivichukia visima hivi, wakaamuru watu wabatizwe kwa beseni la kawaida. Vingine vilitupwa nje, vikageuzwa vya kunyweshea farasi. Hiki kimepona, na nakshi zake bado kali kiasi kwamba unaweza kufuata uzi mmoja kwa kidole hadi unapopotelea chini ya mwingine.

Mkitaka kuja, shukeni Hereford kwa treni, kisha tafuteni gari. Hakuna kiingilio, ila kuna sanduku la sadaka, msijifanye hamjaliona. Mimi sasa naelekea Castle Frome, ng'ambo ya pili ya Hereford. Huko kisima kimebebwa na watu wa mawe waliojikunyata chini yake, na juu Yesu anabatizwa katikati ya samaki. Nataka niwaonyeshe kabla jua halijazama.