Taa ya Sensa Ukutani Inaona Nini?

Ndugu zangu, nianze na swali ambalo fundi umeme huulizwa kila anapofunga taa ya sensa, ile inayojiwasha mtu akipita: "Hii haitupigi mionzi?" Hapana. Sensa ya kawaida ya nyumbani haitoi chochote, inapokea tu. Kitaa chekundu kinachomweka kinaarifu kwamba imeshtuka, basi.

Inapokea joto lenu. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 hivi, na kila chenye joto hutoa mnururisho wa infraredi. Ule wa mwili una nguvu zaidi kwenye mawimbi ya karibu mikromita 10, ambayo macho hayayaoni.

Hii hapa nimeifungua. Tazameni kifuniko cheupe: ni plastiki ya polithini, kwa sababu kioo cha dirisha huyazuia mawimbi hayo. Ndiyo maana sensa ya ndani haimtambui mwizi aliye nyuma ya dirisha lililofungwa. Upande wa ndani kuna mistari. Hizo ni lenzi ndogondogo za Fresnel, zinazoligawa eneo la mbele vipandevipande: hiki kinaonekana, kinachofuata hakionekani. Nyuma yake, ndani ya kikopo hiki cha chuma, mna vipande viwili vya fuwele inayotoa chaji ya umeme joto lake linapobadilika. Vimeungwa kwa kupingana. Chumba kizima kikipata joto kwa pamoja, vinafutana. Mtu akikatiza, joto lake linakifikia kimoja, halafu cha pili. Umeme unapanda na kushuka, taa inawaka.

Kwa hiyo ukitulia tuli, kwake haupo. Wanaosomea gazeti chooni wanalijua giza hilo!

Sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Mchana wa Februari Dar es Salaam, ukuta uliochomwa na jua hufikia joto la ngozi. Tofauti ikipotea, mtu anapita na sensa imenyamaza. Kuikaza usikivu si dawa, utaamshwa na kila paka.

Dawa ni mahali pa kuifunga. Mita 2 hadi 2.5 kutoka chini, isitazame jua wala kiyoyozi, na watu wapite kwa kukatiza mbele yake. Anayeijia moja kwa moja huvuka vipande vichache, hivyo huchelewa kuonekana. Ukishawasha umeme, ipe kama dakika moja itulie ndipo uijaribu. Baadhi ya zinazorudishwa dukani ni nzima.