Msasa Ukishapita, Namba Hairudi

Asalaam aleikum, habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja na baridi hii. Wengine mshanisikia nikilisema hili mara kumi, kwamba msifute rangi wala maandishi ya vitu vya zamani kabla ya kuyasoma, mtanivumilia tu, leo nalisema tena maana bado watu wanaharibu.

Nani hapa babu yake alikuwa na baiskeli ya BSA? Haya, naona mikono. Ile nembo ya bunduki tatu zimesimamishwa zikaegemeana, si mnaikumbuka? Basi zile bunduki hazikuwekwa kwa urembo. BSA ni Silaha Ndogo za Birmingham, kampuni iliyoanzishwa 1861 na mafundi wa bunduki, baiskeli na pikipiki zikaja baadaye, na kiwanda kilikuwa hapahapa Birmingham, Uingereza, mtaa wa Small Heath, barabara ya Armoury, yaani ghala la silaha, mitaa ambayo nusu yetu tunaipita kila asubuhi tukipeleka watoto shule.

Wapenzi wa pikipiki ukiwauliza habari za BSA na Vita vya Pili watakwambia M20, pikipiki 126,000 zilitolewa kwa ajili ya jeshi, cc 496, nzito, haina mbio lakini haikuachi njiani. Sawa, kweli. Alafu muulize huyohuyo usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, anakutazama tu. Usiku ule ndege za Wajerumani zililipua kiwanda, jengo la ghorofa nne la mwaka 1915 likaporomoka na watu wa shifti ya usiku wamo ndani. Wakafa wafanyakazi 53, wakajeruhiwa 89. Mafundi umeme wawili wa shifti hiyohiyo waliingia kwenye moto kuwatoa wenzao, wote wawili wakapewa medali. Mashambulizi ya mwezi ule yaliteketeza mashine 1,600 na kazi ya bunduki ikasimama miezi 3. Sasa mtu anajua uzito wa pikipiki mpaka kilo ya mwisho, ila hao 53 hajawahi kuwasikia! Mimi hilo linaniuma.

Sasa nije kwenye tangi. Kuna kijana aliniletea tangi la M20, karithi kwa mzee mmoja jirani yake, anataka nilipige msasa mpaka bati alafu likapakwe kromu ling'ae. Upande wa kushoto alishaanza mwenyewe, kamwaga dawa ya kutolea rangi, limebaki bati jeupe. Nikamwambia mwanangu weka chini hiyo dawa, kaa hapo. Nikachukua msasa laini kabisa, nikaulowesha maji, nikaanza upande wa kulia taratibu, kidole kimoja, nafuta na kitambaa, naangalia, nafuta tena. Juu ilikuwa rangi nyeusi, hiyo ya raia, maana vita vilipoisha jeshi liliziuza nyingi na watu wakazipaka upya. Chini yake kahawia. Nikazidi kidogo, nikaona mstari mweupe umepinda. Nikasimama, mkono unatetemeka wallahi. Ilikuwa herufi C, na baada yake 4, alafu tarakimu zingine mbili, na zilizobaki zimekwishaliwa na kutu. Hiyo ndo namba ya jeshi, namba za pikipiki za jeshi la Uingereza wakati ule zilianza na C, ikipakwa kwa mkono pande zote mbili za tangi. Kwa hiyo kushoto nako ilikuwepo, labda nzima kabisa, na ile dawa imeondoka nayo.

Kijana akaniuliza, sasa mzee namba inasaidia nini? Nikamwambia hii imeliwa na kutu, ila kuna namba nyingine, nenda kasome kwenye fremu. Tukakuta imegongwa WM20 na tarakimu zake. Leja za kiwanda zipo mpaka leo, klabu ya pikipiki za zamani ya VMCC inazitunza, unapeleka namba ya fremu wanakutafutia ilitoka lini na kwa mkataba gani. Majibu yakarudi: 1940. Yaani mikono iliyokaza zile boliti ilikuwa inafanya kazi hapo Small Heath mwaka uleule wa bomu. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu sana, na habari za kromu hakuzitaja tena.

Najua kuna mtu anawaza, huyu anatusifia kiwanda cha bunduki, na bunduki hizohizo za Lee-Enfield ndo walibebeshwa askari wa KAR, jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya Mwingereza, wakapelekwa kufa Burma kwenye vita visivyo vyao. Ndugu yangu, uko sahihi, na ndo maana nataka itunzwe yote! Ukitupa karatasi za kiwanda, huyo babu yako wa KAR utamfuatilia kwa ushahidi gani? Kutunza si kusifia. Na anayesema hii historia ya wazungu, wewe unaishi mtaa gani? Mtoto wako akikuuliza kwa nini barabara inaitwa Armoury utamjibu nini?

Muda unaniishia, mengine nayapitia haraka. Picha za zamani: geuza nyuma usome kilichoandikwa, alafu piga picha pande zote mbili. Wazee: aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo kapita 100, kwa hiyo waulizeni watoto wao, washeni simu mrekodi, msingoje sherehe. Na usifungie kitu mahali pamoja, mwaka 2003 makumbusho ya pikipiki ya taifa hapo Bickenhill yaliungua, zikaungua pikipiki zaidi ya 300, wakatengeneza nyingi kwa subira kubwa na kufungua tena mwaka uliofuata, lakini karatasi ikiungua hakuna fundi. Toa nakala, wape watu watatu. Nilitaka kusema na habari za karatasi za kampuni zilizoko Chuo Kikuu cha Warwick, hizo tutaongea kwenye chai.

Tangi lenyewe kijana kaniazima, liko pale mezani chini ya taa. Kushoto hamna kitu, bati tupu. Njooni mtazame kulia, mmojammoja, ila msishike rangi.