Jinsi ya Kupima Nguvu ya Msukumo wa Umeme na Ukinzani wa Ndani wa Betri

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tutapima betri kavu mbili za tochi, zile kubwa za ukubwa wa D, moja mpya na nyingine iliyokwisha kutumika sana, ili tuone kwa nini betri huweza kuonyesha volti nzuri kwenye mita na bado ikashindwa kuwasha tochi. Andaa mita ya dijitali, swichi ndogo, nyaya fupi na rezista mbili za omu 10 zenye uwezo wa nusu wati, ambazo utazitambua kwa mistari ya kahawia, nyeusi na nyeusi. Ziunge sambamba, nazo zitakuwa mzigo mmoja wa omu 5.

Kwanza, weka mita kwenye volti za DC. Hakikisha waya mwekundu haujachomekwa kwenye tundu la ampea, kwani hapo mita inakuwa kama waya mtupu uliounganisha ncha mbili za betri, na fyuzi yake inaweza kuungua. Gusisha waya mwekundu kwenye ncha chanya na mweusi kwenye ncha hasi, betri ikiwa haijaungwa na kitu kingine chochote. Betri yetu mpya inasoma volti 1.55. Mita nyingi za aina hii zina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo mkondo unaopita ni mdogo mno, na tunachokisoma ni nguvu ya msukumo wa umeme ya betri yenyewe, tutakayoiita E. Hiyo ni nishati ambayo kemikali za betri huipa kila kulombi ya chaji, yaani hapa jouli 1.55.

Sasa unga mzigo kupitia swichi. Washa, subiri kama sekunde 5, soma mita, kisha zima mara moja, kwa sababu ukiuacha mzigo umewaka volti zitaendelea kushuka na vipimo vyako havitalingana. Shikilia nyaya za mita kwenye ncha za betri zenyewe, wala si kwenye miguu ya rezista, la sivyo utajumlisha pia ukinzani wa nyaya na wa swichi. Mita inasoma 1.41. Hii ndiyo volteji ya kwenye ncha, V, ambayo kifaa chako hupewa kwa kweli.

Volti 0.14 zimepotelea ndani ya betri. Ili kupata mkondo, gawanya 1.41 kwa 5, utapata ampea 0.282, kisha gawanya 0.14 kwa mkondo huo, na jibu ni takriban omu 0.5, ambao ndio ukinzani wa ndani. Kwa kifupi, V = E − Ir, ambapo I ni mkondo na r ni ukinzani wa ndani.

Rudia vilevile kwa betri iliyochoka. Bila mzigo inasoma 1.38, na wengi wangeishia hapo wakaamini kuwa bado ni nzima. Washa swichi: inaanguka hadi 0.92. Mkondo ni ampea 0.184, na ukinzani wa ndani umefika omu 2.5, mara tano ya ule wa betri mpya. Kwa hiyo nakusihi usihukumu betri kwa kipimo kisicho na mzigo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini betri mpya 8 za aina hii, zikiungwa mfululizo, huzidi volti 12 lakini haziwezi kuwasha gari. Ukinzani wao wa ndani hufika omu 4, hivyo hata ukizifungia ncha kwa waya mtupu hazitoi zaidi ya ampea 3 hivi, ilhali stata ya gari huhitaji zaidi ya ampea 100.

Kwa betri ya gari, mzigo wako ni stata yenyewe. Ikiwa imejaa na imepumzika, betri husoma karibu volti 12.6. Weka mita kwenye ncha zake, mwombe mwenzako awashe gari, nawe uangalie namba wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya 9.6, pima tena baada ya kuichaji hadi ijae, na ikishuka vilevile, ibadilishe.