Kalamu Ataishika Nani?

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuziacha kazi za Jumamosi mkaja.

Mmeniuliza kama Maandiko Matakatifu yangali wazi kuongezwa. Wengi mna jibu tayari, Ufunuo 22:18: mtu akiyaongeza, Mungu atamwongezea mapigo. Naomba tusikimbilie huko. Yohana anasema “kitabu hiki”, yaani unabii wake. Biblia kama mnavyoibeba leo ilikuwa haijakusanywa. Tena katika Kumbukumbu la Torati 4:2 Musa alikwisha kusema, “Msiliongeze neno niwaamurulo.” Kama mlango ulifungwa pale, Isaya, aliyekuja baada yake, angebaki nje.

Waliofunga ni watu, na walifunga polepole. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta katika waraka wa Pasaka wa Askofu Athanasio wa Aleksandria, mwaka 367. Hata leo mipaka hailingani: Mkatoliki ana vitabu 73, Mprotestanti 66, na Waorthodoksi wa Ethiopia, majirani zetu hapa Nairobi, wanahesabu 81, kitabu cha Henoko kikiwamo, huyo huyo anayenukuliwa katika Waraka wa Yuda. Paulo anawakumbusha Wakorintho, “Naliwaandikia katika waraka wangu.” Waraka huo hatunao. Ukifukuliwa kesho, mimi nitausoma kwa furaha kubwa, lakini sitaushonea ndani ya Biblia.

Kwa nini? Nitawapa kwanza hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Watakatifu wa Siku za Mwisho, wenye Kitabu cha Mormoni tangu 1830, wana maandiko yaliyo wazi. Mwaka 1978 viongozi wao walitangaza ufunuo uliowafungulia wanaume weusi ukuhani, na tangazo hilo limechapishwa katika Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyao vitakatifu. Mwafrika hawezi kulipuuza jambo hilo. Hata hivyo, neno la Paulo, “Hapana mtumwa wala huru”, lilikuwa limeandikwa zamani katika Wagalatia 3:28. Lilikosa wasomaji.

Sasa niwasimulie ya shangazi yangu. Anauza mitumba Gikomba. Biblia yake imepoteza jalada, ameifunga kwa kipande cha leso. Mhubiri mmoja alimwambia Bwana amesema: toa sadaka ya mbegu, na kabla ya Desemba mwanao atapata kazi ng'ambo. Akatoa. Desemba ikapita, mhubiri akarudi na neno jipya: sasa Bwana anataka ploti. Shangazi akafungua ile leso pale pale, akaweka kidole kwenye Kumbukumbu la Torati 18:22, panaposema nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa na Bwana, akamsomea kwa sauti, neno kwa neno, hadi mwisho: “usimwogope.” Kidole kilikuwa kinatetemeka. Ploti bado anayo.

Ndiyo sababu nataka kitabu kibaki kimefungwa. Kikiwa wazi, shangazi hataalikwa kushika kalamu. Ataishika mwenye kipaza sauti, na mstari uliomkinga utapata nyongeza usiku mmoja tu. Masingasinga wanalijua jambo hili vizuri: mwaka 1708 kiongozi wao, Guru Gobind Singh, aliwaachia kitabu chao kitakatifu kiwe Guru wao, yaani mwalimu wao mkuu, asitokee tena mtu wa kudai kiti kile.

Mtaniambia: na Shakahola? Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule Kilifi, ya wafuasi wa mhubiri aliyetuhumiwa kuwaambia wafunge chakula hadi kufa, na Biblia ilikuwa ile ile, hakuna sura iliyoongezwa. Ni kweli, na linaniuma hadi leo. Mmoja akisoma na wengine wote wakisikiliza tu, yeye ndiye anayegeuka kuwa kitabu, na hapo kufungwa kwa kurasa hakumwokoi mtu.

Kwa hiyo kabla ya maswali, fungueni Kumbukumbu la Torati 18, tuanze mstari wa 15. Sitasoma mimi. Tuanzie safu ya nyuma, kila mtu mstari mmoja, na yule mama aliye karibu na mlango, jirani amsogezee Biblia yake.