Shati la Yusuf: kusoma Peponi kwa jicho la vikale

Haya jamani, asanteni kwa kuja, naona na wa nyuma wananisikia, basi tuanze. Leo nataka tukae na kitabu kimoja tu, maana nikileta vitabu kumi tutaishia kutaja majina na kuondoka. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kama Peponi, mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Ni riwaya ya makuzi, yaani tunamshika mtoto wa miaka 12 tunakwenda naye mpaka anakuwa kijana.

Nadharia nitaipitia haraka. Vikale, au arketaipu ukipenda, ni zile picha zinazorudi rudi kwenye hadithi za watu wa kila mahali: mtoto anayetolewa kwao, mzee mwenye hekima, bustani, joka pangoni, maji, safari ya mbali. Jung, yule mwanasaikolojia, alizitafuta kwenye ndoto, mhakiki Maud Bodkin akazileta kwenye ushairi mwaka 1934, Joseph Campbell, mtafiti wa visasili, mwaka 1949 akachora mzunguko wa shujaa, kwamba anaondoka, anajaribiwa, anarudi na kitu mkononi, halafu mhakiki Northrop Frye mwaka 1957 akaifanya nadharia ya fasihi nzima, akizigawa hadithi kwa misimu minne ya mwaka. Sisi tuliokulia kwenye ngano hatuhitaji kushawishiwa sana hapa, ukisema paukwa tu mtu ashajua kuna yatima atatoka nyumbani na kuna zimwi linamsubiri.

Shida yangu na uhakiki huu ni namna unavyofanywa. Mtu anakaa na daftari anahesabu, shujaa yupo, mzee yupo, bustani ipo, amemaliza, kazi inapelekwa. Mi naona hapo ndo kazi inaanza. Kikale ni kama kalibu ya kufyatulia tofali, na ninachotaka kukiona ni pale udongo ulipokataa kujaa kwenye kona.

Sasa twende kwa Yusuf. Jina lenyewe limeshatuambia, kila aliyesoma madrasa anaijua sura ya 12 ya Qurani, kijana mzuri wa sura anatupwa kisimani na ndugu zake, anauzwa, anaingia nyumba ya mkubwa, mke wa mkubwa anamtamani, anafungwa, anafasiri ndoto, mwisho anashika hazina za nchi na babake anamwona tena. Gurnah amechukua karibu vyote hivyo. Ila angalia nani anamtupa mtoto kisimani! Si ndugu wenye wivu, ni baba yake mzazi, na sababu ni deni. Baba ana hoteli pale Kawa, mambo hayaendi, anadaiwa na tajiri anayeitwa Ami Aziz, na huyu Ami kila akija kuwatembelea humpa mtoto sarafu ya anna kumi, pesa ya zamani, mtoto anamsubiri kwa hamu kabisa, halafu siku moja anaambiwa utasafiri na Ami kwa treni, anapanda akidhani anatembezwa kumbe yeye ndo rehani. Huwa nasimama hapo kwenye ile sarafu. Kwenye ngano shujaa akiondoka kwao hupewa kitu cha kumlinda njiani, pete, hirizi, fimbo, na huyu sarafu yake imetoka mkono uleule unaomchukua.

Na akifika dukani kwa Aziz anamkuta kijana Khalil, naye rehani, amemtangulia, na somo la kwanza ni kwamba yule si ami yako, muite seyyid, yaani bwana. Yaani makuzi yake yanaanza kwa kunyang'anywa neno la ukoo. Khalil pia anambandika jina, kifaurongo. Mnakijua kile kidudu, ukikigusa kinajikunja kinajifanya kimekufa mpaka uondoke. Ukinipa Jung wote na Campbell wote nitakwambia kitabu kizima kiko kwenye neno hilo, mtoto anayeishi kwa kujifanya hayupo. Swali ni lini atajikunjua.

Tuje kwenye bustani ya nyumba ya Aziz. Ina ukuta, ina maji katikati, ina matunda na vivuli, ni ile Pepo yenyewe, na Yusuf anaipenda kwa dhati, anataka tu aachiwe afanye kazi mle ndani. Anayeitunza ni Mzee Hamdani, na hapa wanafunzi wengi wanaandika "mzee mwenye hekima" wanapita. Ngojeni kidogo. Mzee huyu ni mtumwa aliyewahi kuambiwa na bibi aliyemmiliki kwamba yu huru, akabaki palepale, na Yusuf anapomuuliza, jibu lake ni kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi hata amgawie. Ni maneno mazito, mi nayaheshimu sana. Lakini mzee wa hekima kwenye kalibu kazi yake ni kumwonyesha kijana njia ya kutoka, na huyu hekima yake inamtosha yeye mwenyewe, na inamtosha akiwa amekaa humohumo ndani ya ukuta.

Safari ya bara nayo ni vilevile. Msafara wa biashara wa Aziz unaondoka, Yusuf yumo, na mnyapara anayetisha, Mohammed Abdalla, njiani kuna maradhi, kuna vifo, na mwisho wanafika kwa mtawala anayeitwa Chatu. Msomaji wa Kiingereza analiona ni jina tu, sisi tunaliona joka limejilaza! Kwa hiyo tunasubiri shujaa alishinde. Kwanza joka linaongea na lina hoja, wafanyabiashara waliopita kabla yao waliwadhulumu watu wake, kwa hiyo bidhaa anazikamata kulipia dhuluma ile. Pili, anayemaliza mambo ni Mjerumani aliyetokea na askari wake, akaamua, bidhaa zikarudishwa. Shujaa amenyang'anywa joka lake. Frye na misimu yake minne hawezi kukueleza hilo, hapo lazima uilete historia mezani, kwamba tuko miaka ya mwisho kabla ya vita vya 1914 na mtu mwingine ameshaingia ndani ya hadithi za watu wa nchi hii na kuzimaliza kwa amri.

Halafu lile shati. Bibi wa nyumba, Zulekha, mke wa tajiri Aziz, mwenye alama usoni anayoamini Yusuf anaweza kuiponya, anamshika kijana akikimbia na shati linachanika kwa nyuma. Kwenye Qurani kanzu ikichanika nyuma ni ushahidi, shahidi anasema mwanamke amesema uongo, kijana ni mkweli. Hapa nako tajiri anarudi safari, anasikiliza, anakubali kwamba Yusuf hana kosa. Sasa kutokuwa na kosa kumemsaidia nini? Ndo kwanza anaambiwa atabaki kufanya kazi kwa tajiri. Wazazi ndo basi, baba kafa, mama hajulikani alipo. Amina, msichana ambaye Yusuf anampenda, naye ni mke wa tajiri, wa pili, naye aliingia nyumba ile kwa deni. Kwenye sura ya 12 ukweli unafungua milango, na kwa Gurnah daftari la deni halina safu ya ukweli.

Nimeshaulizwa mara nyingi kama hii basi ni riwaya ya makuzi au la, maana kijana harudi na hajapata kitu. Tusome ukurasa wa mwisho taratibu. Askari wa Mjerumani wamepita wakikamata watu, Yusuf na Khalil wamejifungia ndani, wakiondoka Yusuf anatoka kuangalia walipolala. Anakuta vinyesi, na mbwa wanavila kwa uroho. Mbwa hawa ni walewale wa ndoto zake tangu utotoni, na anapowaangalia anajitambua, anaona anachokula yeye ndani ya nyumba ile. Campbell angeita hapo ni saa ya kupokea hazina. Hazina yake ni hiyo. Kifaurongo amejikunjua.

Anasikia nyuma yake kitu kama komeo za mlango wa bustani zikifungwa, msafara wa askari bado unaonekana kwa mbali, na anakimbia kuufuata, macho yakimwasha.